Lilaki Zilizokataa Mbolea Yetu: Mama Kifusi Anastaafu

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Hivyo ndivyo faili linavyosema, na faili halijui kutania. Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili za jioni, Mama Kifusi, mtunza bustani wa mitambo yetu ya kusafisha maji taka, atarudisha stoo mkasi wake wa mikono mirefu, ufunguo wa geti la juu na buti zake za mpira. Mtunza stoo ameshatamka kwamba mkasi na ufunguo atavipokea, ila buti hapana, kwa sababu kilichobaki pale ni matundu yaliyoshikana mikono.

Kuandika wasifu huu wa jarida letu ilikuwa kazi ya karani, lakini karani akiandika jambo la furaha utadhani anatangaza msiba. Ikabidi itafutwe kalamu yenye uhai, na katika karakana ya pampu kalamu ya namna hiyo ni moja tu. Shule niliiacha mapema kabla haijaniharibu. Atakayeona kosa humu ndani aje karakana, tutampa spana asahihishe.

Mama Kifusi hakuanzia kwenye maua. Alianza tarehe 21 Februari akiwa mhudumu wa chujio. Kwa wageni watakaokuja kwenye sherehe na hawajui kazi yetu, chujio ni ule wavu wa vyuma pale maji taka yanapoingilia, na mhudumu wake husimama na reki ndefu kuopoa kila ambacho hakikupaswa kutumbukia chooni. Mji wetu hutumbukiza mengi. Mama aliopoa vijiko, soksi, simu, wanasesere, na siku moja seti nzima ya meno ya bandia, ya juu na ya chini. Akayaosha kwa maji ya moto, akayaweka dirishani yakiwatabasamulia wapita njia. Siku ya tatu akaja mzee mmoja amefunika mdomo kwa kitambaa, akanyoosha kidole dirishani bila kusema neno. Mama akamwuliza kama ana uhakika ni yake. Mzee akayachukua, akayavaa papo hapo, ndipo akajibu, “Sasa nina uhakika.”

Miaka kumi na moja alishika reki. Mgongo ukaanza kumsema. Mtunza bustani wa wakati ule alipoondoka, Mama akaomba nafasi, akapewa, lakini kwa maneno ya ofisini. Kwenye faili lake pakaandikwa: “Mhudumu wa chujio, anashikilia bustani kwa muda.” Neno muda halikutajiwa mwisho. Maana yake ilikuwa kwamba siku yoyote, kwa mstari mmoja wa kalamu, angeweza kurudishwa kwenye reki. Aliishi na mstari huo miaka ishirini. Wengine wetu hata mwaka mmoja hatuwezi kuishi na jirani mwenye redio.

Bustani yenyewe ilikuwa rahisi, na tuseme ukweli, wenye sifa tulikuwa sisi wa mitambo. Maji taka yakishasafishwa hubaki tope, tope likikaushwa miezi kadhaa huwa mbolea nyeusi, laini, ambayo ukiidondoshea kokwa leo, kesho unatafuta kivuli. Kabichi za Mama zilikuwa kubwa kama beseni za kufulia. Maboga yake yalibebwa na watu wawili. Meneja wetu, ambaye atalisoma jarida hili na kunikunjia uso, alikuwa na mazoea ya kuwapitisha wageni bustanini na kuwaambia, “Hii yote ni kazi ya tope letu.” Mama alikuwa amesimama hapohapo na jembe, wala hakutajwa.

Kisha zikaja nyumba. Miaka tisa iliyopita mteremko wa juu yetu uliota nyumba mpya kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho wake, na wenye nyumba wakagundua kwamba upepo wa saa tisa mchana hutokea kwetu. Wakaandika barua ya malalamiko. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha darasa, akaileta ofisini kwa mkono wake, kitambaa kikiwa puani. Meneja akaitisha kikao cha wafanyakazi wote. Mmoja akapendekeza ukuta mrefu. Mwingine akapendekeza wao wahame. Mama Kifusi, ambaye wakati huo alikuwa bado hajapata jina hilo, akainua mkono akasema, “Tupande lilaki ya mlimani.”

Watu wakatazamana. Lilaki ya nini?

Dada yake mdogo anafanya kazi kwenye kitalu cha miche huko nyanda za juu, na alipokuja kumtembelea alikuwa amembebea tawi. Basi Mama akaeleza. Ni kichaka kinachofika urefu wa mtu na zaidi, kina majani madogo ya kijani kibichi yanayong’aa mwaka mzima, na baridi ikiisha hufunikwa na vishada vya maua ya buluu, vidogovidogo, vingi hadi majani hayaonekani. Harufu yake ni ya asali iliyopashwa moto kidogo. Nyuki huja kama wameitwa kwa kengele. Kikipandwa mstari mzima juu ya mteremko, majirani watakuwa na kitu kingine cha kunusa na kitu kingine cha kuangalia.

Meneja akakubali, na akaweka sharti mbele ya wote. Miaka mitatu. Kama mwisho wa mwaka wa tatu majirani hawajatulia, kitengo cha bustani kinafungwa, tunajenga ukuta, na Mama anarudi kwenye chujio. Alilisema kwa upole, lakini kila mtu alimwona Mama akijishika kiuno.

Ikaja miche arobaini. Tuliipokea kama wakwe. Mashimo yakachimbwa mapana, yakajazwa tope kavu hadi juu, la daraja la kwanza, lililochekechwa na dada wa maabara yetu kwa mikono yake. Meneja alipanda mche wa kwanza na akaumwagilia ndoo tatu. Bomba la maji yaliyosafishwa lilivutwa hadi pale, likafunguliwa asubuhi na jioni. Haijawahi kutokea duniani miche kupendwa vile. Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Tukaongeza mbolea. Wiki ya nne yakaanza kudondoka. Tukaongeza maji. Wiki ya sita Mama aliing’oa mmoja mmoja, na mizizi ilikuwa myeusi, inateleza kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Miche thelathini na tisa, yote chali.

Mmoja ulibaki. Siku ya kupanda, mstari ulikuwa umeishia wa thelathini na tisa, na Mama, ili ule wa arobaini usimfie mkononi, aliuchomeka kwenye kifusi cha nyumba ya pampu ya zamani iliyobomolewa: matofali yaliyovunjika, kokoto, vipande vya saruji na mchanga kidogo katikati. Hakuna aliyeupa mbolea. Hakuna aliyeukumbuka kwa maji. Ulikuwa umenenepa, umetoa matawi manne, unang’aa kama umepakwa mafuta.

Wiki nzima Mama alipeleka chakula chake cha mchana kwenye kifusi, akakaa juu ya tofali, akala akiutazama. Mlinzi wa mabwawa, mtu wa utani usioisha, akamwuliza kama wamechumbiana. Mama akamjibu, “Nyamaza, nasoma.” Siku ya Ijumaa akampigia dada yake simu akiwa palepale, na kwa kuwa Mama huzungumza na simu kana kwamba anaita ng’ambo ya mto, karakana nzima ilipata habari.

Dada aliuliza, “Uliipa nini?”

“Mbolea. Nzuri sana, ya kwetu.”

“Na maji?”

“Asubuhi na jioni.”

Kisha dada, naye ana sauti ya familia, akasikika wazi: “Wewe umefanya kazi chooni hadi unadhani kila kiumbe kinataka choo. Hii ni ya mlimani, dada yangu! Kule inakaa kwenye mawe, jua linaipiga, mvua ikija inapita zake. Mbolea inajitengenezea yenyewe kwenye mizizi. Umeilisha ikiwa imeshiba, umeinywesha ikiwa haina kiu, ukashangaa imekufa?”

Hapo ndipo palipowauma watu wa mitambo. Tunatengeneza mbolea bora kuliko wote tunaowajua, halafu unakuja mti unaojitengenezea yake! Dada wa maabara hakuuamini hadi Mama alipomchimbulia kamzizi kamoja na kumwonyesha vinundu vidogo vinavyoitengeneza. Akavitazama kwa hadubini dakika nyingi. Alipoinuka alisema tu kwamba hataki kulizungumzia.

Mama akaenda kwa Meneja kuomba mambo mawili: kifusi chote cha nyumba ya pampu, na ruhusa ya kutotumia tope. Kifusi alipewa bila swali. La tope lilichukua saa nzima. Meneja aliuliza tope letu limemkosea nini. Akauliza wageni wataonyeshwa nini. Akauliza kama anajua huko nje watu wanalipigia foleni. Mama akamwambia, “Bosi, tope halina kosa. Ila mgeni akikwambia hali nyama, humshindilii nyama.” Akatoka na ruhusa, na Meneja akabaki na uso wa mtu aliyenyang’anywa medali.

Kilichofuata ndicho kilichompa jina. Toroli moja, mwanamke mmoja mwenye mgongo mbovu, na mteremko. Alibeba kifusi kidogo kidogo, akakimwaga juu, akakitengeneza matuta marefu yanayopitisha maji kama chujio. Mlinzi alihesabu safari kwa chaki ukutani, kwanza kwa kucheka. Alipofika hamsini aliacha kucheka. Alipofika sitini na tano alivua koti, akashika toroli kwa upande mmoja. Safari zilifika mia mbili na kumi na nne. Dada yake akaleta miche mipya sabini, midogo kama vidole, kwa sababu ule mdogo ndio unaokubali kuhamishwa. Mkubwa ukishashika mizizi hautaki kusumbuliwa. Mama akaipanda mvua za kwanza zilipoanza, akaiachia nafasi ya hatua mbili mbili ingawa matuta yalionekana kama vichwa vyenye upara. Mwaka huo wa kwanza mvua zilipokatika aliipa kopo moja la maji kwa wiki, shinani, si zaidi. Baada ya hapo, basi. Maji ya mvua tu.

Mwaka wa tatu ndio ulikuwa wa kesi. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi likapaka kila kitu rangi moja, nyasi za mteremko zikawa kama brashi ya viatu. Lilaki zilikuwa zimefika kiunoni, zimetulia, hazikui wala hazifi. Kwa jicho la mtu wa mitambo zilikuwa zinalia kiu. Watu wakaingiwa huruma. Wakati wa chai mmoja anapita na kikombe, mwingine na chupa. Mama alikuwa akikuta alama ya unyevu kwenye kokoto anaijua hadi saa iliyomwagwa. Akaandika kibao kwa rangi nyekundu: UKINIPA MAJI UNANIUA. Majina ya waliokuwa wakimwagilia kwa siri ninayo yote, nayahifadhi, hasa moja linalofanana na langu.

Miche mitatu ilikufa kwa huruma hiyo. Meneja akaiona mikavu, akaona na ile sitini na saba ilivyojaa vumbi, akahesabu miezi iliyobaki. Jumatano moja akatuma lori la maji liloweshe mteremko wote hadi uwe wa kijani.

Lori lilipofika, Mama alikuwa ameshajua. Alikuwa amekaa chini, katikati ya njia, mbele ya tuta la kwanza, miguu ameinyoosha kama aliye kwake sebuleni. Dereva akapiga honi. Mama akampungia mkono. Kijana aliyeshika bomba, ambaye leo ndiye anayeandika wasifu huu na wakati ule alikuwa na miezi miwili kazini, akamwambia kwa adabu zote kwamba ni amri. Mama akasema, “Mwanangu, najua. Nami sikukatazi amri. Nimekaa tu.” Dereva akazima injini. Meneja akaitwa. Alikuja amepandisha mabega, akasimama juu yake, akamwambia zikifa kwa kiu itakuwa juu yake na hapatakuwa na kikao kingine.

Mama hakuinuka. Alimwambia, “Bosi, ukinirudisha kwenye chujio nitaenda. Reki naijua. Lakini nirudishe kwa sababu nilikosea mimi, si kwa sababu niliogopa kukwambia umekosea wewe.”

Nimesikia watu wakizungumza na mabosi kwa njia nyingi, nyingine zimewagharimu kazi. Sijasikia kama hiyo. Meneja alitazama mteremko, akatazama lori, akatutazama sisi tuliojifanya tunakagua magurudumu. Akasema, “Geuzeni.” Maji yale yakaenda kwenye kabichi, zikafurahi sana.

Mvua zikaja, zikapita katikati ya kifusi, zikaenda zao. Baridi ikaja. Ziara ya mwenyekiti na majirani ikapangwa Alhamisi ya mwisho wa msimu. Wiki moja kabla, kwenye ncha za matawi palikuwa na vitu kama vichwa vya pini. Jumatatu, vichwa vya pini. Mama hakula mchana. Binti yake, muuguzi, alikuja kumpima presha kazini, akatukataza kumchekesha. Jumanne asubuhi mlinzi alipiga kelele kutoka kwenye bwawa la pili, tukadhani mtu ametumbukia. Alikuwa ananyoosha kidole juu. Kichaka kimoja, upande wa jua, kilikuwa kimebadilika rangi. Jumatano vikawa ishirini. Alhamisi saa tatu, wageni walipokuwa wanapanda, mteremko wote ulikuwa buluu kuanzia geti hadi mwisho wa uzio, unavuma nyuki, na harufu ya asali imesimama njiani kama mwenyeji.

Sitadanganya. Harufu yetu haikuhama, tupo kazini na mji bado unakwenda chooni. Lakini mwenyekiti alifika getini kitambaa kikiwa puani, akapiga hatua kama kumi kando ya tuta, na mkono ukashuka wenyewe. Akasimama. Akainamisha kichwa kwenye kishada, akatoka na nyuki kwenye miwani, wala hakujali. Tulikuwa tunasubiri neno kuhusu malalamiko. Akauliza, kwa ile sauti ya kuamsha darasa, kama anaweza kupata miche ya kupanda nyumbani kwake.

Karakana ya pampu ilipiga makofi hadi valvu zikatikisika. Meneja alimshika Mama mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, na wageni waliofuata aliwaonyesha mteremko akisema, “Hii yote ni kazi ya Mama huyu.” Mwaka huu vichaka ni mia tatu na kumi na viwili, na mtaa mzima wa juu una lilaki mbele ya milango. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha: jua la kutosha, udongo wa mawe, maji kidogo mwaka wa kwanza na baada ya hapo mikono mfukoni, ukipunguza, punguza ncha tu maua yakiisha, usiguse mti mkavu wa ndani kwa sababu hauchipui tena. Na akawaambia mapema kwamba mti huu hauishi sana, miaka kumi hadi kumi na tano, kwa hiyo wapande mingine ile ya kwanza ikiwa bado kijana. Mke wa mwenyekiti aliua mitatu kwa ndoo kabla ya kuelewa. Wa nne unachanua.

Sisi wa pampu alitufundisha siri moja zaidi. Ukichuma konzi ya yale maua, ukayafikicha kwa maji viganjani, yanatoa povu kama sabuni. Tangu hapo mafundi wa grisi ndio wanaume wanaonukia vizuri kuliko wote mjini, na wake zetu wamekuwa na maswali. Mimi sina mke bado, lakini maswali nimeshaanza kuyapata.

Mwezi uliopita, karani alipokuwa anaandaa karatasi za kustaafu, alikuta kwenye faili maneno yaleyale ya miaka ishirini: mhudumu wa chujio, anashikilia bustani kwa muda. Ndiyo angestaafu nayo. Karani, ambaye nimemsema vibaya huko juu na leo namwomba radhi robo, alilibeba faili hadi kwa Meneja akalifungua mezani. Meneja aliusoma ule mstari, akavua miwani, akachukua kalamu yake mwenyewe. Siku hiyohiyo Mama aliitwa ofisini. Aliisoma barua akiwa amesimama, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Imeandikwa kwamba anastaafu akiwa Mtunza Bustani Mkuu, na kwamba cheo hicho kinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza aliyoacha reki.

Alitoka, akapita karakana, akasimama mlangoni na ile karatasi. Tulitegemea angelia. Akatuambia, “Mmeona? Ishirini kamili. Sasa kaeni wima mnapozungumza nami.”

Tumekaa wima, Mtunza Bustani Mkuu. Asante kwa mgongo ulioutoa, kwa ukali uliotupa pale huruma yetu ilipokuwa inaua, na kwa kutuonyesha kwamba hata sisi, watu wa maji taka, tunaweza kunuswa kwa hiari. Nenda ukapumzike vizuri. Afya iwe yako, vicheko viwe vingi, na kuanzia Jumatatu asubuhi asiwepo mtu yeyote wa kukupangia zamu.